Bunduki, Ukungu na Vumbi: Je, Utando wa Kupunguza Msuguano Una Faida?

SWALI

Mzee wetu wa safu hii, shikamoo. Mimi ni mkulima wa chai na mahindi huku Mufindi. Marehemu baba aliniachia bunduki ya zamani, raifoli ya bolti (kile chuma cha kuvuta kwa mkono kinachofunga nyuma ya mtutu), ambayo imekwisha kuhamishiwa jina langu na leseni yake iko hai. Majira ya mvua ukungu hutukalia kutwa nzima, na kila nikiitoa bunduki mkobani naikuta na madoa ya kutu kwenye mtutu. Fundi mmoja amenishauri niipake utando wa kisasa wa seramiki uliochanganywa na teflon. Anasema utazuia kutu, sitahitaji mafuta tena, bolti itateleza kama sabuni, na risasi itatoka kwa kasi zaidi. Bei aliyonitajia inalingana na mbolea yangu ya msimu mzima. Je, nilipe?

JIBU

Marahaba, ndugu yangu, na Mungu amrehemu mzee aliyekuachia dhamana hiyo. Nimetunza silaha za watu wengine kwa miaka mingi, na jambo moja ninaliamini kabisa: kwa mtu anayeishi Mufindi, adui wa bunduki ni maji, wala si msuguano. Fundi wako amekuuzia dawa ya ugonjwa ambao bunduki yako haina, akaifunga pamoja na dawa ya ugonjwa ilio nao kweli, na ndiyo sababu bei imekuwa kubwa na maelezo yamekuchanganya. Tuzitenganishe.

Kwanza uelewe unachokiona kwenye mtutu huo. Ule weusi unaoelekea buluu haukupakwa kama rangi. Ni chuma chenyewe kilichochomwa kwa kemikali kiwandani hadi juu yake pakafanyika oksidi nyeusi, ambayo ni ndugu wa kutu nyekundu, isipokuwa hii imeshikamana na chuma badala ya kukila. Tabaka hilo ni jembamba mno, lina vitundu visivyoonekana kwa macho, na kazi yake kubwa ni kushika mafuta. Likikauka, ukungu wa siku chache unatosha kulipenya. Fosfeti, yaani ule utando wa kijivu usiong'aa unaoonekana kwenye silaha nyingi za kijeshi, una tabia hiyohiyo: hunyonya mafuta kama sifongo, na mafuta yaliyomo ndiyo yanayozuia kutu. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba bunduki yake "imepakwa dawa kiwandani", kisha akaiacha kavu tangu Desemba hadi Aprili, ameiacha uchi.

Utando wa seramiki ni wa ukoo mwingine. Huo ni aina ya plastiki ngumu iliyochanganywa na chembe za seramiki. Hupulizwa kama rangi ya gari, kisha sehemu za bunduki huokwa katika tanuri kwa nyuzi joto zipatazo 120 za Selsiasi kwa muda wa saa mbili hivi. Unene wake ni kama mikromita 25, yaani milimita moja ukiigawa mara 40. Ukipakwa sawasawa huziba njia ya maji, ya hewa na ya jasho la mikono, na kwa kuzuia kutu unaushinda ule weusi wa kiwandani kwa mbali sana. Hapo fundi wako amesema kweli, na sina sababu ya kumnyima haki yake.

Lakini neno zito ni "ukipakwa sawasawa". Kabla ya kupuliziwa, chuma lazima kitolewe mafuta yote, hata yale yaliyojificha kwenye matundu ya skrubu kwa miaka 40, kisha kipigwe mchanga mkali kwa upepo wa kompresa ili kiwe na uso wa kushikia. Bunduki ya zamani ikitiwa tanurini bila kukamuliwa vizuri, mafuta yaliyojificha hupata joto, huvuja, na kuusukuma utando kabla haujashika. Niliwahi kuletewa bunduki iliyotoka kwa fundi wa namna hiyo, ambayo haikuwa imemaliza hata mvua za mwaka mmoja. Kwa mbali ilipendeza, nyeusi tii, bila doa. Nilipopitisha ukucha pembeni ya tundu la skrubu ya darubini, utando ulinyanyuka kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, na chini yake nikakuta unga mwekundu wa rangi ya udongo wa Mafinga. Nilipoitoa kwenye kitako cha mti, niliona kwamba fundi alikuwa amepaka palipoonekana tu. Chini, pale mbao inapokumbatia chuma, pamoja na kwamba ndipo maji hukaa kwa muda mrefu kuliko mahali pengine pote, hapakuwa na kitu. Mwenye bunduki alikuwa ameacha kabisa kutumia mafuta kwa sababu aliahidiwa kwamba hayahitajiki tena. Ahadi ile iliharibu chuma kuliko mvua yenyewe.

Sasa tuje kwenye msuguano. Chuma kikavu kikisuguana na chuma, kipimo cha msuguano, ambacho kikiwa kidogo vitu huteleza zaidi, hufika 0.6 au hata zaidi. Ukitia tone la mafuta, kinashuka hadi kati ya 0.1 na 0.15. Utando wenye teflon au molibdenamu, ile inayouzwa kama unga wa kulainishia, unaweza kukishusha hadi kati ya 0.05 na 0.1, ule wa kaboni ngumu mfano wa almasi, ambao unene wake ni mikromita chache tu na ugumu wake unapita wa chuma chochote kilicho ndani ya bunduki, mara nyingi huwa kati ya 0.1 na 0.2. Utaona kwamba hatua kubwa, ile ya kutoka 0.6 hadi 0.1, inapatikana kwa chupa moja ya mafuta. Kinacholipiwa kwa mbolea ya msimu mzima ni kile kipande kidogo kinachobaki. Tena bolti yako inavutwa kwa mkono, mara moja kwa kila risasi, na pengine kwa mwaka mzima unafyatua risasi chache tu. Bunduki inayofyatua mfululizo na kujijaza yenyewe kwa nguvu ya gesi ni jambo jingine: ndani yake moto, masizi na mwendo wa haraka hukausha mafuta, na utando mgumu wa nikeli au wa kaboni husaidia, hasa kwa kuwa masizi hufutika kwa urahisi. Yako haipo katika kundi hilo.

Kuna mahali ndani ya bunduki ambapo hutakiwi kabisa kuupunguza msuguano, na hapa naomba unisome polepole. Risasi inapofyatuka, ganda lake la shaba nyeupe hufutuka na kuzing'ang'ania kuta za chemba, yaani pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, kwa muda mfupi sana, na kwa kung'ang'ania huko linapunguza nguvu inayousukuma uso wa bolti kwa nyuma. Chemba ikiwa na mafuta au utando wa kuteleza, ganda halishiki. Mzigo wote unahamia kwenye yale meno ya mbele ya bolti yanayoifunga bunduki. Kwa silaha iliyozaliwa kabla yako, mzigo huo si wa kujaribia. Vilevile ile ndoano ndogo ya triga imechongwa ikitegemea kiasi fulani cha msuguano. Ukiifanya iteleze, bunduki inaweza kufyatuka kwa mguso mwepesi kuliko ulivyozoea, au kwa kuanguka chini. Na utando wa mikromita 25 ukipakwa pande zote mbili zinazokutana, tayari umekula sehemu ya 20 ya milimita, nafasi ambayo mtengenezaji aliipima kwa makusudi.

Kuhusu risasi kwenda kasi zaidi, hilo halina msingi. Utando ulio nje ya mtutu au juu ya bolti haugusani na risasi hata kidogo. Walikuwapo, hasa katika miaka ya 1990, wapiga shabaha wengi waliopaka risasi zenyewe unga wa molibdenamu. Matokeo yake yalikuwa kwamba kwa baruti ileile shinikizo lilipungua na kasi ikapungua pia, kwa sababu risasi inayopita kirahisi haiipi baruti kizuizi cha kutosha cha kujengea nguvu. Ili kuirudisha kasi ilibidi waongeze baruti. Fundi wako amelisikia jambo hilo nusu, akalipindua.

Historia nayo inatufundisha utando ulibuniwa kwa ajili gani. Japani ilipoanza kutengeneza bunduki yake ya Type 99 katika vita kuu ya pili, iliipaka kromiamu ngumu ndani ya kasiba, yaani ndani ya tundu la mtutu, na baadaye Urusi ya Kisovieti ilifanya hivyo katika bunduki zake za AK. Fataki za risasi za zama zile, yaani vile vidonge vya kuwashia baruti, ziliacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huvuta unyevu. Marekani iliwapeleka askari wake Vietnamu katikati ya miaka ya 1960 wakiwa na bunduki ya M16 ambayo chemba yake haikuwa na kromiamu. Pamoja na kasoro za baruti na uhaba wa vifaa vya kusafishia, kutu ndani ya chemba ilichangia maganda kukwama, na watu wakafa mikononi mwao kukiwa na bunduki zilizogoma. M16A1 iliyopokewa mwaka 1967 ilikuja na chemba ya kromiamu. Katika visa vyote hivyo kilichotafutwa kilikuwa kinga dhidi ya kutu na uchakavu, na tena kazi ilifanyika kiwandani, mtutu ukiwa mpya, kwa vipimo vilivyokwisha kuacha nafasi ya unene huo. Kromiamu ndani ya mtutu wa baba, uliokwisha kutumika, ni kazi ambayo siwezi kumshauri mtu yeyote aigharamie.

Nikuonye pia kuhusu joto, kwa kuwa umesema bunduki ni ya zamani. Mwili wa bunduki nyingi za ukoo wa Mauser, zile za bolti zenye asili ya Ujerumani, ulitengenezwa kwa chuma laini kilichofanywa kigumu juu tu, kama mkate wenye ganda. Tanuri la nyuzi 120 haliudhuru. Lakini ipo njia nyingine inayosifiwa siku hizi, ya kuchovya chuma katika chumvi iliyoyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 500 ili naitrojeni ipenye ndani ya chuma. Kwa bunduki mpya zilizoundwa kwa njia hiyo naiheshimu kuliko tando zote, kwa sababu hakuna kitu cha kubanduka: ugumu umo ndani ya chuma chenyewe. Kwa mwili wa kizamani, joto hilo linaweza kuuharibu ule ugumu wa juu, na macho hayataona chochote hadi siku mbaya ifike.

Jibu langu basi: usilipe. Ikiwa bado moyo unaitaka kinga hiyo, na umempata fundi mwenye leseni ya kutengeneza silaha ambaye yuko tayari kukuonyesha kazi yake ya zamani ikiwa imetolewa kwenye kitako, paka upande wa nje wa mtutu na mwili, pamoja na sehemu zote zilizofichwa na mbao. Kasiba, chemba, meno ya bolti na triga vizibwe visiguswe. Hakikisha kabla ya mchanga kupigwa kwamba namba ya bunduki itafunikwa isifutike, maana namba hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye leseni yako, na bunduki isiyosomeka namba ni balaa kwa mwenyewe. Pitia kwanza kituo cha polisi cha wilaya uwaeleze kabla hujaikabidhi kwa mtu.

Kwa sehemu ndogo ya fedha hiyo unaweza kumaliza kutu yako. Acha kuihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi. Ngozi hunyonya unyevu, na chumvi pamoja na asidi zilizotumika kuilainisha hubaki ndani yake; mkoba ni wa safari, si wa kulalia. Ihifadhi kwenye kabati la chuma linalofungwa, kama sheria inavyokutaka uwe na hifadhi salama, mahali pakavu mbali na ukuta wa nje. Ukitoka nayo kwenye baridi ya Juni ukaingia nyumbani kwenye jiko la mkaa, chuma kitatoka jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Hakikisha haina risasi, toa bolti, iache ipate joto la chumba polepole, kisha futa maji yote, hata ndani ya kasiba. Usiisogeze jikoni ili ikauke upesi. Toa kitako mara moja kabla ya mvua na mara moja baada yake, na chini ya mbao paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta kidogo ya bunduki. Nta hukaa mahali ambapo mafuta peke yake hutiririka, nasi wa nyanda hizi hatuna uhaba wa nta. Halafu, nakusihi, usitumie mafuta ya alizeti. Najua yapo katika kila nyumba, lakini yakikaa hewani huganda na kuwa gundi, na nimeshatumia siku nzima kuikwangua pini ya kufyatulia iliyogandia ndani yake. Oili iliyotolewa kwenye injini nayo ina asidi na masizi. Iache kwenye gari.

SWALI

Mimi ni askari wa wanyamapori wa kijiji upande wa Idodi. Shida yetu ni kinyume na ya watu wa milimani: kiangazi, mafuta kwenye bunduki yanageuka tope la vumbi baada ya doria ya siku moja. Wenzangu wanasema tutumie unga wa grafiti, ule weusi wa ndani ya penseli, wengine wanasema molibdenamu. Kipi ni bora?

JIBU

Wewe ndiye ambaye kilainishi kikavu kinamfaa, mwanangu, na ningependa kulisema hilo kwa nguvu ileile niliyomkatalia ndugu wa Mufindi. Molibdenamu inayouzwa kama utando mkavu hufanya kazi vizuri zaidi katika hewa kavu, na huzidi kudhoofika hewa inapopata unyevu. Grafiti ni kinyume chake: tabaka zake huteleza kwa msaada wa unyevu uliomo hewani, kwa hiyo katika ukavu wa bonde la Ruaha mwezi wa Septemba inateleza kwa shida, na kule milimani ambako ingeteleza, ikikutana na maji juu ya chuma huharakisha kutu. Chagua molibdenamu, ipakwe kwenye njia ya bolti tu, juu ya chuma kilichofutwa mafuta yote, isifike kwenye chemba wala triga. Mvua zikianza, rudi kwenye mafuta.

Na hata mkikosa molibdenamu, bado kuna tiba. Wengi wenu mnatia mafuta mengi. Tia tone, sambaza kwa kidole, kisha futa kwa kitambaa cha pamba hadi uone kana kwamba umeyamaliza yote; kilichobaki kinatosha, na vumbi halina pa kushika. Silaha mnazobeba ni za dhamana, hivyo jambo lolote la kudumu, kama vile kupaka nikeli yenye teflon, lipitie kwa msimamizi wa ghala, lisifanywe na askari mmoja mmoja.

SWALI

Shikamoo mzee. Bunduki yangu ya marisau, ya mitutu miwili, imechujuka weusi hadi imekuwa nyeupe. Kwetu Tukuyu mvua haikatiki. Fundi anataka kuichovya kwenye chumvi ya moto ili irudie weusi. Je, kuna ubaya?

JIBU

Marahaba. Ubaya upo, na ni mkubwa. Chumvi hiyo ni mchanganyiko wenye soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, unaochemka kwenye nyuzi zipatazo 140. Mitutu miwili ya bunduki nyingi za zamani imeunganishwa kwa lehemu laini, na soda ya moto huila lehemu hiyo. Ubapa wa katikati unaweza kuachia, au mbaya zaidi, usiachie, bali chumvi ijipenyeze kati ya mitutu na kubaki humo ikila chuma kutoka ndani mahali ambapo hutaweza kupafikia kwa kitambaa wala mafuta. Kwa mitutu ya namna hiyo njia ya haki ni ya kizamani: chuma huachwa kishike kutu kidogo kwa makusudi, huchemshwa katika maji safi hadi kutu iwe nyeusi, husuguliwa kwa brashi laini, na kazi hurudiwa mara nyingi kwa siku kadhaa. Ni ya polepole na fundi atalalamika, lakini joto lake halizidi la maji yanayochemka na haigusi lehemu.

Kabla hujampa mtu yeyote, hakikisha bunduki haina risasi, itenganishe mitutu na kitako, ining'inize mitutu kwa kamba kwenye ndoano yake ya chini, kisha igonge taratibu kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama kengele, sauti ikarefuka, lehemu ni nzima. Ukisikia mlio mfupi mzito, kama wa sufuria iliyopasuka, mahali fulani imekwisha kuachia, na weusi usubiri hadi fundi mwenye leseni amalize kazi ya lehemu.